Fundi Mizani wa Kitanda cha Saba

Wodi ya Pili, kitanda cha saba
4 Juni

Dada,

Sitaandika "mimi mzima, hofu kwako". Mzima halazwi hapa. Niko hai. Hilo litoshe kwa leo.

Usinipigie. Sina simu. Siku ya kuingia walisema kila kitu kisafishwe. Mfanya usafi akaichukua. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya dawa, pamoja na miwani. Miwani imepona. Simu imekufa.

Hata ningekuwa nayo, kuongea kunanikata pumzi. Maneno matatu, nahema. Kuandika naweza. Naandika, napumzika, naandika. Barua inatiwa kwenye mfuko. Inakaa siku nzima kwenye sanduku la getini. Ndipo inatoka.

Nina mpira puani. Kidoleni nina kidude cha kupima oksijeni. Jana kilisema 84. Leo 88. Nikikaa juu ya 94 siku mbili, naruhusiwa.

Funga karakana. Mizani ya muuza nyama isiguswe. Sijamaliza.

Mdogo wako


Nyumbani
7 Juni

Mdogo wangu,

Rejea barua yako ya tarehe 4, iliyonifikia jana ikinuka dawa ya choo mpaka nikaenda kuisomea uani. Nimekaa masijala miaka kumi na tisa, nimefungua barua za waliofukuzwa kazi na za waliodai wamefukuzwa kimakosa, lakini sijawahi kufungua iliyonikasirisha kama hii yako, kwa sababu nilikwambia. Nilikwambia usiende sokoni kukagua mizani za watu mia wakati kila mmoja wao anakohoa, na wewe ukanijibu, umesimama pale pale mlangoni na mkoba wako wa mawe ya kupimia, kwamba mizani haikohoi. Haya sasa.

Karakana nimeifunga na kubandika karatasi inayosema fundi yuko likizo. Muuza nyama amekuja mara tatu. Jana akaniuliza kama siwezi kuimalizia mimi, nikamwambia naweza, ila kilo yake itatoka na gramu mia saba. Badala ya kukasirika akaanza kufikiria, nikamfukuza.

Kula unachopewa. Lala kifudifudi kama walivyokuagiza, maana najua umeagizwa na najua hulali hivyo. Tangu mama atutoke tumebaki wawili chini ya paa hili, na mimi sina mpango wa kubaki mmoja. Nimesema mara moja, sitarudia.

Dada yako


Wodi ya Pili
16 Juni

Dada wa Masijala,

Sasa naweza kukuandikia kama binadamu. Mpira wa puani bado upo lakini wameupunguza, na jana nimekwenda msalani kwa miguu yangu, muuguzi akinishika kiuno kana kwamba tunacheza muziki. Wamenigundulia na kisukari, eti nilikuwa nacho siku nyingi bila kujua. Mtu unakuja na ugonjwa mmoja unapewa wa pili bure.

Wenzangu ni hawa. Kitanda cha nane yuko mwalimu mstaafu anayeona wanafunzi darini. Kila asubuhi anaita majina yao, na asipojibiwa anakasirika, basi sasa mimi ndiye ninayeitikia. Leo nimeitikia majina thelathini na moja. Daktari anasema ni homa na kukosa hewa, akili itamrudia. Mkabala wetu yuko mwashi, jitu la miraba minne, analia kila mlango unapofunguliwa halafu anatuomba radhi wote mmoja mmoja. Mapafu yake yamepona zamani. Anasema mlango ukifunguliwa anaona wamekuja kumchukua. Kitanda cha sita yuko kinyozi, na huyo ndiye anayetufanya tucheke, maana ndevu zake zimemfika kifuani na anasema kweli kinyozi hajinyoi.

Kidude cha kidoleni nakisoma kila mara. Mazoea ya kazi. Huwezi kunipa kipimo nisikiangalie.

Mdogo wako


Nyumbani
23 Juni

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umekuwa darasa zima la watu thelathini na mmoja, shuleni hukuwahi kuwa hata nusu mwanafunzi. Sasa niambie unarudi lini. Jirani wa mkono wa kulia aliingia hospitali siku tano baada yako na jana nimemwona anafagia baraza. Yule fundi bomba mnene, ambaye sote tulishamzika moyoni, karudi na ameanza kudai watu. Wewe kijana wa miaka arobaini na mbili usiye na tumbo uko huko unaitikia majina.

Shuka zako nimezifua mara mbili. Zinapata vumbi bila kulaliwa. Ukiandika, andika tarehe, mimi ni mtu wa tarehe.

Dada yako


Wodi ya Pili
26 Juni

Dada,

Madaktari wanasema bado. Kidude kinapanda kinashuka. Leo asubuhi kilisema 96, baada ya chai 95, nikageuza kidole 97. Sasa wewe niambie, mizani inayosema hivyo ungeigongea mhuri? Mimi nisingeigongea. Mshale lazima utulie. Nimewaomba wakikague kwa kitu kinachojulikana uzito wake, wakaniangalia kama mimi ndiye ninayeona wanafunzi darini. Mwalimu, kwa taarifa yako, akili imemrudia na ameondoka. Alinishukuru kwa mahudhurio mazuri.

Kitanda cha sita kina mtu mwingine.

Vuta subira. Hawa watu ni wazembe, ndiyo maana mambo yanachelewa.

Mdogo wako


Nyumbani
28 Juni

Kwa: Muuguzi Msimamizi, Wodi ya Pili
Yah: Kumshikilia mgonjwa wa kitanda cha saba

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mgonjwa tajwa ni mdogo wangu. Kwa maandishi yake mwenyewe, ana oksijeni ya 95 hadi 97 na bado mnamshikilia kwa sababu kipimo chenu ni kibovu. Mimi si daktari, lakini najua faili likikaa mezani kwa mtu wiki tatu, tatizo si faili. Naomba nijulishwe ndani ya siku mbili ni nani hasa anayemzuia ndugu yangu kurudi kwake. Nisipojibiwa nitakuja getini na kiti changu, nami nikikaa mahali nakaa.

Dada wa mgonjwa


Wodi ya Pili
30 Juni

Dada wa kitanda cha saba,

Umeuliza ni nani. Ni yeye mwenyewe.

Ndugu yako aliruhusiwa tarehe 18. Tulimwandikia karatasi, akaikunja akaiweka chini ya mto. Tukamtoa mpira wa puani, akakaa bila huo vizuri kabisa. Lakini tukijaribu kuondoa kipimo cha kidole anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio, na anashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Anakitazama kile kidude siku nzima. Akisinzia anashtuka kukitazama tena. Mshauri nasaha amekaa naye mara nne. Si deko wala si uongo, mama. Ni ugonjwa kama ule mwingine, tunao watatu wa namna hiyo wodini.

Ila nikwambie na la upande wangu. Vitanda vimejaa na watu wanasubiri kwenye viti vya mapokezi. Siwezi kumsukuma mtu nje, na siwezi kuwatazama wale wa kwenye viti usoni. Nimesimama katikati tangu mwezi wa nne na miguu imevimba. Kiti chako ukikileta, niletee na changu.

Muuguzi Msimamizi


Nyumbani
1 Julai

Wewe,

Kwa hiyo tarehe 18. Mimi nafua shuka, najibizana na muuza nyama, namwandikia mwanamke wa watu mwenye miguu iliyovimba barua ya kumtukana, kumbe karatasi ya kutoka iko chini ya mto wako na wewe umeilalia kama kuku, na bado ukapata mdomo wa kuniandikia kwamba madaktari ni wazembe na mshale haujatulia, mshale gani, mshale gani kama si kichwa chako mwenyewe, na mimi nikakuamini kwa sababu tangu utoto hujawahi kunidanganya zaidi ya ile sukari uliyoilamba kwa siri, na hata ile sukari ulikuja ukakiri mwenyewe kabla ya chakula. Watu wamekaa kwenye viti wanatafuta hewa na wewe una hewa ya kutosha unaikagua. Mficha maradhi kilio humfichua, na nakuapia kilio hicho sitakuja kukusaidia kukilia.

Muuguzi anasema ni ugonjwa. Sawa, ni ugonjwa. Basi ungeniambia ni ugonjwa. Uliniambia kisukari, uliniambia mapafu, uliniambia mpaka habari za msalani. Hili ndilo ulilolionea aibu?

Nataka jibu lisilo na namba ndani yake.

Dada yako


Wodi ya Pili
3 Julai

Dada,

Nilistahili yote, pamoja na kuku.

Nilikwambia kitanda cha sita kina mtu mwingine, sikukwambia kwa nini. Kinyozi alipimwa wakati wa chai, siku ya kabla ya ile karatasi yangu. Nilikuwa naangalia, maana nilikuwa naangalia vya watu wote. Kilisema vizuri kuliko changu. Akanionyesha kidole akasema, "Fundi, gonga mhuri." Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekufa. Damu iliganda, walisema, kitu ambacho kidude kile hakipimi. Alikuwa ananisimulia habari ya mteja mwenye kichwa cha pembe nne na hakuimaliza.

Mimi maisha yangu yote ni kuwaambia watu hii ni kweli, hii si kweli. Siku ile nikajua kuna mizani inasema kweli na bado mtu anaanguka. Ungetegemea basi niache kukiamini. Ndiyo kwanza siwezi kukiondoa. Nikikivua, nahisi kifua kinasahau. Nahisi kupumua ni kazi ya mikono, nikiiacha itasimama, na nikilala nani ataifanya? Najua ni upuuzi. Nimemwambia mshauri ni upuuzi, akasema kujua hakutoshi.

Hapa mashine zinalia usiku kucha, na nikirudi, chumba changu hakina mlio wowote. Hilo ndilo ninaloliogopa, Dada. Si lingine. Naogopa kulala nyumbani. Mtu mzima na ndevu zangu, ningeandikaje hilo?

Mdogo wako


Nyumbani
5 Julai

Mdogo wangu,

Umeandika vizuri. Nimesoma mara mbili. Nisamehe kwa kuku. Kwa mengine usinisamehe.

Kwenye viti wapo watu. Hilo ni kweli. Lakini na hofu yako ni kweli. Sijui nipange lipi juu ya lipi. Fikiria polepole. Chumba kipo.

Kazini mambo mengi. Nitaandika zaidi baadaye.

Dada yako


Wodi ya Pili
8 Julai
(Kwa mkono wa muuguzi wa mtaa)

Dada wa kitanda cha saba,

Leo nilikuwa napitia daftari la getini. Tarehe 6 limeandikwa jina lako na mtaa wako. Homa, kikohozi, oksijeni 92. Mbele yake wameandika: hakuna kitanda, arudi nyumbani. Nimemtuma muuguzi wa mtaa aje akupime, naye ndiye anayekupa barua hii. Mpe jibu lako arudi nalo.

Ndugu yako hajui. Nikimwambia neno moja tu, atashuka kitandani leo hii. Nimwambie?

Muuguzi Msimamizi


Nyumbani
8 Julai

Muuguzi,

Usimwambie. Nakuomba.

Atatoka, ndiyo. Lakini hatalala tena. Atasema alilalia kitanda cha dada yake. Hiyo hamna dawa yake hapo kwenu.

Mwenzako amenipima. Ni 93. Amesema nilale kifudifudi, niite ikishuka. Niweke kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote. Nisirushwe mbele.

Miguu uliyosema imevimba, iinue juu ya ndoo.

Dada


Nyumbani
8 Julai

Mdogo wangu,

Mimi sijambo. Kazi nyingi. Muuza nyama anakusalimu. Hali ya hewa nzuri. Kula. Usiharakishe. Nitaandika.

Dada


Wodi ya Pili
10 Julai

Dada,

Unanifanya mimi mtoto. Barua yako ya tarehe 1 ina sentensi moja iliyoanzia juu ya ukurasa ikaishia chini, umenitukana humo bila kuvuta pumzi. Hii ya juzi ina mistari mitatu na nukta saba. Nimezihesabu. Wewe, ambaye ukiandika orodha ya sokoni unaweka utangulizi, unaniambia "Hali ya hewa nzuri"?

Naijua barua hii. Niliiandika mimi mwezi uliopita. Naandika, napumzika, naandika.

Na muuza nyama hajawahi kumsalimu mtu.

Nimemuuliza Muuguzi Msimamizi kama kuna jambo. Akaenda kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa. Basi nimevua kidude. Nimekiweka juu ya meza na kukigeuza uso chini. Tangu nianze mstari huu nimekinyooshea mkono mara mbili, sijakigeuza. Mwashi ameniona akaanza kulia, nikamwambia safari hii mlango ukifunguliwa ni mimi natoka. Natoka sasa hivi, kabla akili haijaniwahi. Barua hii sitaiweka kwenye sanduku, nitakuletea mwenyewe.

Mdogo wako


Nyumbani, nje ya mlango wako
11 Julai, asubuhi

Dada,

Najua umesema nisiingie, nami siingii. Nimekaa sakafuni barazani, mgongo kwenye ule ubao usiofunguliwa wa mlango wako, na karatasi hii naipitisha chini. Muuguzi wa mtaa atakuja saa tisa alasiri. Supu iko kwenye kigoda, ukisikia nimesogea ichukue.

Wakati wa kusaini kutoka walinipa daftari la getini. Nikafungua ukurasa usio wangu. Nimeona jina lako. Tarehe 6 nilikuwa nimekaa juu ya kile kitanda nageuzageuza kidole. Nilipomuuliza Muuguzi kama utapewa wewe, akasema kina mwenyewe tayari, mama mmoja aliyekaa kwenye kiti siku mbili. Neno la kuomba radhi bado nalitafuta. Nikilipata nitalipitisha hapa chini.

Jana sikulala. Nilikaa wima kitandani nikijishika kifua kama mtu aliyebeba mayai. Leo nimekuja hapa kwa sababu hapa nakusikia unavyokohoa. Angalau kuna mlio. Wewe lala. Nitakusikiliza mimi, nitahesabu, pumzi zikienda mbio nitaita gari. Nina kazi sasa, sitasinzia.

Mdogo wako


Chumbani
11 Julai, jioni

Kwa: Aliyekaa mlangoni
Yah: Kulala kwako kazini

Naandika kidogo kidogo. Nimeanza saa tisa.

Muuguzi wa mtaa amesema 94. Alikuruka miguu kuingia na kutoka. Hukusikia.

Kuhusu daftari la getini. Tutaligombania nikipona. Kwa sauti, tena uani, majirani wasikie. Leo sina pumzi ya kukusuta wala ya kukubembeleza.

Kuhusu zamu yako. Ulisema utahesabu pumzi zangu. Ulianza kukoroma saa nane na dakika kumi mchana, kichwa kwenye mlango, mpaka kitasa kinacheza. Hukuwa na kidude. Hukuwa na mashine. Hapakuwa na mtu wa kukufanyia kazi hiyo ya mikono unayoisema. Mara mbili ulinyamaza. Mara mbili nilishuka kitandani, mimi mgonjwa, nikatambaa, nikaweka sikio kwenye ubao. Mara mbili ukaanza tena, vibaya zaidi.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro. Bado unakoroma. Nimekuhesabia mwenyewe karibu saa nne, nimeandika pembeni ya karatasi kila robo saa, utaona. Hakuna robo uliyokosa.

Nimechoka sana. Ukiamka usome hii, kisha uende ukalale chumbani kwako ufunge na mlango, maana katika nyumba hii mgonjwa anayehitaji kupumzika ni mimi.

Dada yako